Mjadala: Vidonge vya majira viuzwe bila muuzaji kuuliza kitu?

Wa Mwanjelwa: Wakuu, naleta hoja. Hapa mtaani dada anaingia duka la dawa, anataja vidonge vya majira, anapewa, anaondoka. Hakuna anayemuuliza kama amejifungua juzi. Mimi nasema iwe kosa kisheria, na sababu yangu ni kiharusi. Kiharusi tunachokijua ni cha wazee wenye presha. Kipo kingine: damu inaganda kwenye veni za ubongo, zile zinazotoa damu kichwani kuirudisha kwenye moyo. Ikikosa pa kutokea, presha ndani ya fuvu inapanda, ubongo unavimba, pengine unavuja damu. Hicho hakisubiri uzee. Wengi wanaokipata wako chini ya miaka 50, na wanawake ni kama mara 3 ya wanaume: mimba, wiki 6 za baada ya uzazi, na homoni ya estrojeni iliyomo kwenye vidonge hivyo.

Muuza dawa, Mafinga: Kaka, unatuonea. Katika viharusi 100, hicho ni kimoja au hakifiki. Halafu mimba yenyewe inagandisha damu kuliko kidonge! Mtishe binti aache, arudi na tumbo, hapo umemsaidia nini? Na hujawahi kusimama kaunta. Mteja anakuja na jina la dawa kwenye kikaratasi kilichokunjwa mara nne kwa sababu mama mkwe yuko nyuma yake kwenye foleni. Nipaze sauti, "Umejifungua lini?"

Kijana wa Chunya: Ndiyo ile damu kuganda ya chanjo ya korona ya JJ (Johnson & Johnson), 2021?

Wa Mwanjelwa: Ndiyo hiyo, ila chanzo chake kingine. Tusitoke kwenye mada.

Mama wa Kyela: Sheria nawaachia. Mtu akizaa kwa upasuaji kichwa kikauma, anaambiwa ni ganzi ya mgongoni, alale. Atajuaje?

Nesi, Rungwe: Mama, kichwa cha ganzi mara nyingi hutulia ukilala, kikauma ukikaa. Hiki kingine mara nyingi huzidi ukilala au ukikohoa, na kinaongezeka siku hadi siku. Macho yanaona ukungu, wengine wanapata degedege, mkono unalegea. Presha ipimwe kwanza, maana kifafa cha mimba huweza kuja hata baada ya kujifungua. Ikiwa sawa na kichwa hakiachii, usikubali kurudishwa na panadol. Dai rufaa siku hiyohiyo. Ukifika Hospitali ya Rufaa Mbeya taja tarehe ya kujifungua na dawa unazotumia, kwa sababu CT (picha ya kichwa) ya kawaida inaweza kutoka safi, na daktari asiposhuku hataagiza picha ya veni. Dawa ni heparini, ya kuzuia damu isiendelee kuganda, hata pale damu ilipovuja. Wengi wanapona.

Kuhusu hoja: vidonge vyenye estrojeni mama mzazi asipewe wiki 3 za mwanzo, na anayenyonyesha asubiri miezi 6. Vipo vya homoni ya projestini peke yake, bila estrojeni, na vipandikizi. Faini sioni itasaidia nini.

Wa Mwanjelwa: Maduka ya dawa muhimu yalianzia Ruvuma mwaka 2003 kwa maelezo kwamba muuzaji amefunzwa. Mafunzo yasipomfikia mteja, tofauti yake na genge la nyanya ni ipi?

Muuza dawa, Mafinga: Genge! Haya. Maswali mawili nayaandika kwenye kadi, mteja aonyeshe kwa kidole: una mtoto mchanga? unanyonyesha? Hiyo naanza kesho. Sheria yako mpelekee mbunge.