Kugeuza anwani ya IP kutoka binari kwenda desimali: napata namba moja ndefu

biti32
Wakuu, habari. Zoezi limenipa 11000000101010000000101010000010 niiandike kama anwani ya kawaida ya IP. Nikiiweka yote kwenye kikokotoo napata 3232238210. Nikifanya kwa mkono, fungu la pili linatoa 336, na najua halitakiwi kuzidi 255. Nakosea wapi?

fundi_ruta
Mkuu, anwani ya IPv4 ina biti 32 na haigeuzwi kwa mkupuo. Ikate kwanza mafungu manne ya biti nane nane, kuanzia kushoto. Juu ya biti za kila fungu andika 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1, kisha jumlisha zile tu zenye 1 chini yake:

11000000: 128+64 = 192
10101000: 128+32+8 = 168
00001010: 8+2 = 10
10000010: 128+2 = 130

Jibu ni 192.168.10.130. Hiyo 336 yako ni 168 mara mbili: umeanza kulia na 2 badala ya 1, kila nafasi ikajiongeza maradufu. Angalia pia fungu la tatu. Wengi huzitupa zile sufuri nne za mbele wakaandika 1010, halafu wanaazima biti nne za fungu la nne na kila kitu kinavurugika.

swichi_24
Ile 3232238210 nayo si kosa, ni anwani hiyohiyo kabla ya kukatwa. Igawe kwa 256 mara tatu ukiandika baki: 130, 10, 168, na mwisho unabakiwa na 192. Soma kinyumenyume. Ping ya Linux (amri ya kupima kama kifaa kinajibu) huipokea hata ikiwa ndefu hivyo.

Ila kwenye desimali usijaze sufuri mbele. Ukiandika 192.168.010.130, programu kadhaa huisoma 010 kwa msingi wa nane, yaani 8, na unajikuta unagonga mlango wa jirani.

biti32
Shukrani wakuu. Na maski (namba inayoonyesha sehemu ya anwani iliyo ya mtandao) 11111111 11111111 11111111 11000000?

fundi_ruta
Njia ni ileile: 255.255.255.192, yaani /26, kwa kuwa ina 1 ishirini na sita. Ipange chini ya anwani. Penye 1 juu na chini andika 1, kwingine 0. Fungu la mwisho linakuwa 10000000, hivyo mtandao ni 192.168.10.128, brodikasti (anwani ya kutuma kwa vifaa vyote vya mtandao huo) ni .191, na vifaa vinapewa .129 hadi .190.