Mpira wa pete: wanafunzi 48, mipira 2. Kuvuta picha kichwani kunasaidia kweli?

Mwl_Pasiansi
Wakuu, habari za jioni. Darasa la sita, kipindi dakika 40, uwanja wa mchanga kandokando ya ziwa. Tukifika kwenye kufunga, kila mpira una foleni ya watoto 24. Mtupo mmoja pamoja na kuokota unakula sekunde 20, kwa hiyo zamu inarudi baada ya dakika 8. Mtoto anaondoka na mitupo minne, akibahatika mitano. Nasikia anayesubiri anaweza kujifunza kwa kuvuta picha. Linafanyikaje? Maana hii ya "fumbeni macho mjione mnafunga" naona ni kuwalaza watoto tu.

Kiwiko_Ndani
Inasaidia, ila haishiki nafasi ya mpira. Watafiti Feltz na Landers walijumlisha tafiti nyingi mwaka 1983: kuvuta picha kunashinda kukaa bure. Ila kutupa kwenyewe bado ndiko bora zaidi. Foleni yako ni kukaa bure, basi hapo ndipo mahali pake.

Kipindi cha kwanza watupe tu. Asiyewahi kuushika mpira hana cha kukumbuka. Kuanzia cha pili, wanne wa mbele kwenye foleni ndio wavute picha. Walio nyuma wapeane pasi kwa mipira ya mifuko na kamba, huwezi kuwasimamia wote 24. Hao wanne wasimame, wasikae: miguu upana wa mabega, macho kwenye pete, mpira wa mifuko juu ya kichwa. Kimoyomoyo: goti, kiwiko, kiganja. Aone kwa macho yake mwenyewe, yaani pete iko mbele yake, asijione kama anayeangaliwa kwenye video. Kila anapotupa wa mbele, wao wamalize picha moja. Akifika kwenye mstari ana picha tatu au nne, na mpira wa kweli unafuata papo hapo.

Sato_Mkavu
Mwalimu, angalia picha mbovu. Mtoto ambaye kiwiko chake kinatoka nje atakariri kiwiko kilichotoka nje, na atakikariri vizuri. Onyesha mtupo kwanza, wautazame kwa nyuma na kwa ubavuni. Wengine watakwambia mpira unagonga chuma hata kichwani. Usimwambie "usikose", ndiyo kwanza atauona ukikosa. Mvute karibu: ajione yuko mita moja na nusu tu, kisha arudi nyuma kidogo kidogo.

Halafu msifanyie darasani mmefunga madirisha. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, na mpira unasukumwa kweli. Watafiti Holmes na Collins (2001) walitaja mambo saba ya kuzingatia unapovuta picha, yakiwemo mazingira, mkao wa mwili na muda.

Kiwiko_Ndani
Hapo kwenye muda ndipo utawakamata wanaodanganya, hahaha. Pima kwa simu: tangu goti linapokunjwa hadi mpira kupita peteni. Mtupo wa kweli ukichukua kama sekunde 2 na wa kichwani nusu sekunde, mtoto ameruka goti, amebaki na mpira unaoingia. Sheria yenyewe inampa mfungaji sekunde 3 tangu aupate mpira, kwa hiyo mwendo wa kweli ndio anaouhitaji.

Na usiulize "umeona?" Wapo wasioona picha yoyote wakifumba macho, na si uvivu. Uliza "kiganja kimehisi nini?" Pima mitupo 10 kwa kila mtoto kabla ya kuanza, umbali mmoja, urudie baada ya wiki tatu.

Mwl_Pasiansi
Nimeelewa, shukrani wakuu. Mpira wa wavu nao, kupokea servisi?

Sato_Mkavu
Anza na kupiga servisi. Pale mpira uko mkononi mwako na unaanza ukitaka, kama kwenye pete. Kupokea kunategemea mpira wa mwenzako ulivyokuja. Kichwani mtoto atajipangia ule rahisi kila mara.