Naomba ushauri: hiyo "l" ya Orgel imetoka wapi?

Habari zenu wakuu. Naandaa maelezo mafupi kuhusu majina ya kinanda cha kanisani katika lugha za Kigermaniki. Kijerumani husema Orgel. Kiholanzi, Kidenmaki, Kinorwei na Kiswidi husema orgel. Kiingereza kimebaki na organ. Chimbuko ni organum la Kilatini, lililotoka Kigiriki. Kamusi nilizopekua zinataja orgela la Kijerumani cha kale, kisha kimya. Kinachonivuruga zaidi ni jinsia ya kisarufi ya neno hilo: kwa Wajerumani neno ni la kike, kwa Waholanzi si la kike wala la kiume!

Je, "n" iligeukaje "l"? Na hiyo jinsia ya kike imetokana na wingi wa Kilatini, organa, kudhaniwa neno la kike la umoja? Mwenye kamusi nzuri ya asili za maneno anielekeze tafadhali.