Kitoto cha Persian laki tano: wizi au ndo gharama yenyewe?

Baba Manyoya
Wakuu habari za muda huu. Ofisini kwetu kuna jamaa kaenda kuulizia kitoto cha Persian kaambiwa laki tano, karudi amefura, anasema paka ni paka, mtaani wapo bure wanazaana kwenye mabati. Mi nazalisha Persian hapa Dar kwahiyo nina upande, jueni kabisa.

Ninavyoona, laki tano inaweza kuwa halali na inaweza kuwa wizi mtupu, inategemea muuzaji kafanya nini kabla jike hajapandwa. Hawa paka wana ugonjwa wa figo wa kurithi unaitwa PKD, figo inaota vifuko vya maji taratibu, paka unamuona mzima kabisa anaruka makochi, miaka inaenda, siku moja anaanza kukonda na kunywa maji hovyo, ukija kushtuka figo zimeisha. Kabla watu hawajaanza kupima, zaidi ya theluthi ya Persian walikuwa nao. Mzazi mmoja tu akiwa nao inatosha, kwa wastani nusu ya watoto wanaubeba. Kupima inawezekana, unasugua pamba ndani ya shavu la paka unatuma maabara nje, chuo kikuu cha California kule Davis wanafanya, au unasubiri afikishe kama miezi kumi unampiga ultrasaundi. Sasa dume umemnunua kwa hela ndefu, majibu yanakuja anao. Unafanyaje? Unamhasi, anabaki kula tu bila kuzalisha. Hiyo hasara mnunuzi haioni popote kwenye bei.

Dalali_wa_Ukweli
Mkuu unatutisha bure. Vitoto vinne mara laki tano ni milioni mbili, jike anazaa mara mbili kwa mwaka, hiyo milioni nne kwa mnyama anayekula dagaa. Hata mimi naacha kazi.

Baba Manyoya
Acha basi uje tufuge wote. Kwanza huyo jike ukimzalisha mfululizo hivyo unamuua. Pili Persian ana uso bapa na kichwa kikubwa, kitoto kinakwama wakati wa kuzaliwa, na daktari wa mifugo kuja kupasua usiku hatozi bei ya mchana. Wakishazaliwa kila asubuhi wanapanda mzani wa jikoni, anazaliwa na gramu kama 100 na anatakiwa aongeze kama gramu 10 kila siku. Asiyeongeza ndo wewe hulali, maziwa ya unga ya paka kwa bomba la sindano kila masaa mawili, ukimpa ya ng'ombe anaharisha na huyo umempoteza. Halafu bado minyoo, chanjo ya kwanza wiki ya nane au ya tisa, ya pili wiki ya 12, na hao wote muda huo wanakula, na wananyea kwenye mchanga wa kununua. Ukiona mtu anauza wa wiki tano, kakwepa gharama zote hizo na bado anataka laki tano ileile. Huyo ndo mwizi wenu.

BintiForodhani
Kaka yangu yote sawa ila hujajibu swali kubwa, wazalishwe wa nini? Huku Unguja mie nalisha wa mitaani, kuhasi jike mmoja tu tunachangishana. Na nyie mnaosema mnafuata taratibu mbona mnashabikia hao Scottish Fold wa masikio yaliyokunjika? Sikio lile limekunjika kwa kuwa gegedu ni bovu, na gegedu ni hilohilo la kwenye viungo, paka anaishi na maumivu ili nyie mpate picha. Uholanzi wamepiga marufuku kuwazalisha tangu 2014. Huku kwetu anayejisikia tu anaweka dume na jike chumbani. Itungwe sheria, wapewe leseni, wakaguliwe.

Mkilifi
Nyinyi mwagombania wa Persian na wetu hamumjui. Paka wa Sokoke asili yake huku huku Kilifi, Wagiriama humwita kadzonzo, madoa yake kama gamba la mti. Mama mmoja wa Watamu, Jeni Slater, alichukua vitoto mwaka wa 1978, baadaye wakapelekwa Denmark, na 1993 FIFe, shirika la kimataifa la wafuga paka, likamtambua kama mbegu kamili. Lakini walianza na paka wachache sana, wakawa wanapandishana ndugu kwa ndugu hadi ikabidi warudi Pwani kutafuta damu mpya. Hiyo nayo ni gharama, mtu kusafirisha paka kutoka Watamu hadi Ulaya asipandishe dada na kaka. Wauzaji wa Nairobi hata babu wa paka hawamjui.

Dalali_wa_Ukweli
Haya Baba Manyoya, majibu ya kipimo cha PKD cha dume wako yako wapi? Maneno matamu kila mtu anayo.

Baba Manyoya
Yapo, yana namba ya chipu yake ya chini ya ngozi, mteja anayasoma na paka anasomwa chipu palepale kabla hela haijatoka mfukoni. Binti, Fold siwagusi na sijawahi. Leseni naunga mkono, ila wakaguzi waanze na wale wa wiki tano wanaouza kwenye maboksi barabarani, mimi mlango uko wazi hata kesho.

BintiForodhani
Nikija Dar ntapita kukagua mwenyewe, na vitoto ambavyo havijanunuliwa utanambia unavipeleka wapi.