Naomba ushauri: mama ana presha, atapigwa ganzi ya mgongo

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mama yetu, hapa Wete, Pemba, anasubiri operesheni ya nyonga kwa ganzi ya sindano ya mgongo. Ana presha ya siku nyingi, na mapigo yake ni ya taratibu. Nikimshika mkono asubuhi nahesabu 50 kwa dakika. Mtaalamu wa usingizi katueleza vizuri: ganzi hulegeza mishipa, presha ikashuka; na ganzi yenyewe ikipanda hadi kifuani, moyo hupunguza kasi, na mara chache sana husimama. Atropini na efedrini, dawa za kupandisha mapigo na presha, huwekwa tayari. Nimemuelewa, lakini khofu haijaniondoka.

Mliouguza wazee wa namna hii, tuombe kwanza kipimo cha eko, yaani ultrasaundi ya moyo? Vidonge vya presha ameze asubuhi ile? Au tumpeleke hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na boti lenyewe linavyomtapisha?