Tupeane uzoefu: Mlioajiriwa kwenye makanisa makubwa, nyuma ya madhabahu kukoje?

Mhasibu Mstaafu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nimekuwa mhasibu wa usharika mmoja mkubwa hapa Dar kwa miaka sita, ule wa ibada tatu kila Jumapili na magari yanapaki mpaka barabarani. Nimeacha mwezi wa tatu mwaka huu, kwa amani kabisa, nikaagwa kwa keki na soda. Tangu hapo watu watatu wameniulizia habari za kuomba kazi kanisani, na wote wananiambia neno lilelile: "Kule lazima kuna utulivu, si mnaanza siku kwa sala?" Nikaona nifungue uzi. Masharti ni mawili. Tusitaje jina la kanisa wala la mtumishi, na hapa hatubishani kama Mungu yupo.

Nianze mimi. Sala ya asubuhi ipo kweli, saa mbili kasorobo, na zamu ya kuongoza inazunguka mpaka kwa mlinzi. (Mlinzi wetu ndiye aliyekuwa anahubiri vizuri kuliko wote, ila hilo tuliache.) Mkishasema amina ni ofisi kama ofisi: majungu yapo, wino wa printa umeisha, na kuna mtu anakula chapati za mwenzake kwenye friji.

Tofauti inaanzia kwenye hela. Sadaka inahesabiwa Jumapili hiyohiyo na wazee wa kanisa wa zamu, mlango umefungwa, inajazwa fomu, wote wanasaini. Mimi naipokea ikiwa imefungwa, Jumatatu naipeleka benki. Dada wa dirishani alikuwa akiniona tu anashusha pumzi, maana noti za kanisani huwa zimekunjwa mara nane, mtu hataki jirani yake ajue katoa elfu moja. Unazinyoosha mpaka vidole vinakauka. Halafu kuna bahasha: nje kaandika 20,000, ndani kuna 2,000. Unaandika kilichomo. Mwisho wa mwaka taarifa za ahadi zinatoka, mwenye bahasha anakuja juu, na huwezi kumwambia mama wa kwaya kwamba hakuweka.

Sasa mnada. Kwa wasiosali kwetu: wanaoleta sadaka ya vitu, kuku, mkungu wa ndizi, trei la mayai, vitu vyao vinanadiwa nje baada ya ibada. Ni shughuli tamu sana. Mzee anapandisha jogoo mpaka 80,000, watu wanapiga vigelegele, halafu anasema, "Niandike, nitaleta." Nilikuwa na kaunta buku zima la madeni ya mnada. Jogoo kaliwa Jumapili ileile mchana, deni lina miaka miwili. Na wewe ndiye wa kumpigia simu mtu wa rika la baba yako: "Shikamoo mzee. Samahani, nilikuwa naulizia lile la jogoo." Mmoja akanijibu, "Mwanangu, umekuja kufanya kazi ya Mungu au kudai watu?" Huyohuyo yumo kwenye kamati ya fedha, na kwenye kikao cha robo mwaka alisimama kuuliza mbona mapato ya mnada yaliyotangazwa hayafanani na yaliyoko benki.

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Kilichoniondoa ni kwamba nilibaki sina pa kusali. Mchungaji anasema tuinamishe vichwa, mimi nawaza umeme wa luku. Katikati ya Baba Yetu mtu ananigusa bega: "Samahani, fundi wa jenereta anataka hela ya dizeli." Kwa miaka sita sina mahubiri hata matatu ninayoyakumbuka. Karibuni.

Katibu wa Parokia

Hiyo ya jogoo nimecheka mpaka mtoto kaja kuchungulia.

Mimi ni katibu wa parokia, mwaka wa kumi na moja huu, na bado nipo. Kwetu kazi kubwa ni vyeti. Mtu ana miaka 40, anafunga ndoa baada ya wiki sita, anataka cheti cha ubatizo. Unamuuliza alibatizwa mwaka gani, hajui. Anajua kwamba kulikuwa na mvua na padre alikuwa mzungu mwenye ndevu. Mapadre wote wa miaka ile walikuwa wazungu wenye ndevu! Basi unashusha vitabu, vile virefu vya jalada gumu. Vya zamani majina yameandikwa Kilatini, kwa hiyo Yohana unamtafuta kwenye Joannes, na panya alishapita kwenye kona.

Kuna baba mmoja alikuja kutoka mkoani, tukamtafuta siku tatu. Tulipompata nikamgeuzia kitabu asome mwenyewe. Hakuangalia jina lake. Aliweka kidole kwenye safu ya jina la mama, akakaa hivyo hata asinisikie nikimwita. Kumbe mama yake alifariki yeye akiwa hajaanza kutembea, na ndugu walikuwa wanamtaja kwa jina la ukoo tu. Jina la ubatizo la mama yake alilijulia pale mezani kwangu. Nilitoka nje nikajifanya naangalia maji kwenye tenki.

Ubaya upo. Msiba unatokea, familia inataka misa ya mazishi, mwenyekiti wa jumuiya anasema marehemu hatumfahamu, hakuwahi kukanyaga kwenye jumuiya. Paroko yuko safarini. Wa kutukanwa ni wewe uliyeko mezani, na wanaokutukana wamevaa nyeusi, hata kujibu huwezi.

Mshahara ni mdogo, ila unaingia tarehe 25 kila mwezi, na nilipofanyiwa upasuaji nyumba yangu haikukosa mtu wa kupika wiki tatu. Kwa hiyo mimi mnisamehe, siwezi kuisema vibaya.

Dereva

Mimi ni dereva wa kiongozi mmoja mkubwa wa dini. Nimesoma uzi wote. Sina la kuchangia.

Mhasibu Mstaafu

@Dereva hahaha, tumekuelewa mkuu. Linda kibarua.

Fundi Mitambo

Mimi upande wa makanisa ya kiroho, na yangu ni machungu kidogo.

Nilianza kwa kujitolea, napewa posho 10,000 kila Jumapili, nikiwa mtaani na cheti changu cha umeme. Huduma ikakua, wakanunua mixa ya kisasa, kamera nne, tukaanza kurusha ibada mubashara. Nikaambiwa sasa wewe ni mtumishi wa kudumu, laki tatu na nusu kwa mwezi. Mkataba? "Mkataba wetu ni wa kiroho."

Ratiba ilikuwa hivi: Ijumaa kesha mpaka alfajiri. Jumamosi mazoezi ya waimbaji, na waimbaji wakisema saa nane jua ni saa kumi. Jumapili saa kumi na moja alfajiri ufunge nyaya. Jumatatu ndiyo mapumziko, lakini Jumatatu ndiyo kikao cha watumishi. Na mitambo ina kesi yake: mambo yakienda sawa hakuna anayejua kama upo, maiki ikilia mara moja watu 3,000 wanageuka kukutazama. Siku moja waya ulikatika ndani, spika ya kushoto ikawa inakoroma, mama mmoja akaja kuikemea kwa jina la Yesu. Nikabadilisha waya ikanyamaza, na yeye akatoa ushuhuda wiki iliyofuata.

Mwaka wa tatu mke wangu akajifungua, nikaenda NSSF kuulizia. Jina langu halimo kabisa, na kila mwezi nilikuwa nakatwa. Nilipouliza ofisini nikaambiwa, "Unataka kumpeleka Mungu mahakamani?" Nikasema hapana, ninyi. Hiyo ndiyo ikawa wiki yangu ya mwisho. Sikufuatilia, nilikuwa nimechoka, na nusu ya ndugu zangu wanasali palepale.

Afisa Kazi wa Zamani

@Fundi Mitambo pole. Kwa faida ya wengine: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikuyatoa makanisa. Iliyowatoa ni wanajeshi, polisi, magereza na JKT. Katibu, mhasibu, mlinzi, fundi na mfagizi wa kanisa ni waajiriwa kama wa kiwandani. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na ukifanya kazi kwenye mapumziko hayo unalipwa mara mbili. Siyo lazima mapumziko yawe Jumapili, ila lazima yawepo, na kikao cha Jumatatu si mapumziko. Likizo ni siku 28. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara kwa jumla, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu yake. Kukukata halafu asipeleke ni kosa kisheria.

Ukiachishwa kazi na huridhiki, unakwenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Wengi wa makanisani wanapitwa na siku hizo kwa sababu walikuwa wanasubiri wazee wakae wawapatanishe. Kaeni na wazee, sawa, lakini fomu iwe imeshajazwa.

Mwalimu wa Watoto, Nairobi

Hamjambo wenzangu. Mimi niko Nairobi, kanisa la ibada nne. Nilikuwa msimamizi wa shule ya Jumapili, watoto kama mia saba, walimu wa kujitolea sitini. Kazi yenyewe niliipenda. Kila mtoto anavalishwa kibandiko chenye namba, mzazi anapewa namba hiyohiyo, bila namba mtoto hatoki, hata kama baba yake ni pasta. Nimegombana na baba mmoja mlangoni, mwanawe analia "Baba!" nami nakataa kumtoa. Alikuja kunishukuru mwaka mmoja baadaye, ndoa yao ilipovunjika na mambo ya nani amchukue mtoto yakaanza.

Kisha corona. Machi 2020 makanisa yakafungwa, mishahara ikapunguzwa nusu, na sadaka ikawa ya Paybill pekee, yaani kulipa kwa simu. Julai tukaruhusiwa kufungua kwa masharti: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, walio chini ya miaka 13 na walio juu ya 58 wabaki nyumbani. Kanisa likafunguliwa, idara yangu ikabaki kufuli. Nilikuwa naingia kwenye yale madarasa peke yangu, michoro ya safina ya Nuhu ikibanduka ukutani. Agosti nikaitwa ofisini. Pasta aliomba kwanza, kwa muda mrefu sana. Ombi likirefuka namna hiyo ujue barua iko mezani.

Mbeba Ndoo, Texas

Nchi yoyote ni yaleyale. Huku Marekani kanisa likifikisha watu 2,000 kwa wiki ndipo wanaliita kubwa. Nililokuwa nafanyia usafi lilikuwa na mgahawa, duka la vitabu na vigari vya kubebea wazee kutoka maegesho. Nilisafisha vyoo 64, nilivihesabu. Waumini walinipenda, Krismasi nilipewa bahasha mpaka aibu. Nilipopunguzwa kazi ndipo nikagundua kwamba huku makanisa hayalazimiki kuchangia mfuko wa bima ya wasio na ajira. Niliomba, nikanyimwa. Miaka yote sikuwahi kuuliza, nilidhani kazi ni kazi.

Kijana wa Moshi

Wakuu mnanitisha. Alhamisi nina usaili, nafasi ya mhasibu, kanisa kubwa la mjini. Nina msongo wa mawazo hapa. Niende nisiende?

Mhasibu Mstaafu

@Kijana wa Moshi nenda, tena uvae vizuri. Ila uliza mambo ambayo utaona aibu kuuliza. Nani anasaini hundi, na wako wangapi. Nani bosi wako hasa, maana mchungaji atakutuma, mwenyekiti wa kamati atakutuma, mweka hazina atakutuma, na mama mchungaji hatumi ila anashauri. Jumapili inahesabika siku ya kazi au "ibada"? Ukijibiwa kwa mstari wa Biblia, uliza tena kwa upole. Na tafuta kausharika kengine ka pembeni ambako hawajui kazi yako, uwe unasali huko hata mara moja kwa mwezi. Mimi hilo nililijua nimechelewa.

Jumapili iliyopita nimerudi pale kwa mara ya kwanza kama muumini tu. Nikakaa benchi la nyuma, jenereta ikazima katikati ya wimbo, miguu ikataka kunyanyuka yenyewe, nikaikalisha. Kwenye mnada nikapandisha trei la mayai mpaka 15,000, nikatoa noti mbili za kumi, taslimu, kifua mbele. Mhasibu mpya ni binti mdogo hivi, akapekua mfuko, akaangalia huku na huku.

"Kaka, chenji sina. Nikuandike?"

Akafungua kaunta buku ileile, mwandiko wangu bado uko kurasa za mbele. Kwa hiyo wakuu, sasa hivi nimo kwenye daftari, kanisa linadaiwa elfu tano, na sijui nimpigie nani.