MREJESHO: Ile laptop used ya Kariakoo yenye doa kwenye kioo

Wakuu habari zenu, narudi na mrejesho maana mlinisaidia sana. Wiki iliyopita niliuliza kuhusu laptop niliyouziwa kama gredi A (yaani used iliyo karibu na mpya), kufika home nikakuta mikwaruzo kwenye kava na doa jeupe kwenye kioo, na risiti imeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi.

Nilifuata ushauri wa aliyesema nipige picha fasta, nirudi mapema kabla ya siku 7 za kubadilishiwa alizoniahidi muuzaji na nisiende kwa shari. Nikaenda asubuhi duka halina watu, nikamwonyesha doa kwenye ukurasa mweupe. Hela kagoma kabisa kurudisha, hapo nilishindwa, ila akakubali kunibadilishia. Mikwaruzo akasema hiyo ni kawaida ya used, na kweli hata niliyopewa ina mkwaruzo mrefu juu ya kava, nimeukubali tu maana kioo ni kisafi.

Kabla ya kuondoka nikajaribu kibodi yote, chaji, kamera, halafu ile amri ya Windows mliyonipa ya kuangalia afya ya betri, powercfg /batteryreport. Betri ya kwanza aliyoniwekea ilikuwa imeshuka hadi nusu ya uwezo wake wa kiwandani, nikamwomba betri nyingine akanipa, hii uwezo wake umebaki kama asilimia 80. Waranti ya mwezi mmoja kaiandika kwa mkono kwenye risiti na muhuri kapiga.

Asanteni sana wakuu, bila nyie ningekaa na lile doa. Mungu awabariki.